Uzi wa Mkono wa Kushoto

Siku mama yake Tecla alipozikwa Nyamahanga, gurudumu la kusokotea lilibaki barazani na uzi wa pamba uliosokotwa nusu, uzi wa shuka la mjukuu wake.

Tecla alitaka kuumalizia. Aliunga pamba yake kwenye uzi wa marehemu, akazungusha gurudumu. Pale kwenye kiungo, uzi wa mama ulifumuka, ukalegea kama unywele uliolowa, ukakatika. Akaunga tena. Ukakatika tena. Akalisukuma gurudumu kwa goti.

“Usilionee,” alisema mama mdogo, akichambua pamba mkekani. “Unazungusha upande gani?”

“Upande wa watu wote, mama mdogo.”

“Ndiyo maana. Dada, mama yako, alikuwa wa mkono wa kushoto. Kwenye ugali walimnyoosha kwa fimbo. Kwenye gurudumu hakuna aliyemwangalia.”

Tecla alikitazama kiganja chake cha kushoto, laini, kisicho na sugu hata moja. Akahamia upande wa pili, akazungusha kinyume kwa mkono huo. Kiungo kikakazika.

Sasa husokotea hapo kila jioni, polepole, kwa mkono usiojua kazi. Uzi bado hukatika, ila si pale kwenye kiungo.