Kikombe cha Pili

Siku hizi, mzazi mwenye mtoto katika nyumba za uangalizi huiachia nyumba sauti yake kabla hajafa. Kaka yangu Shekue ana miaka arobaini na mbili, na kila asubuhi humimina vikombe viwili vya chai.

"Kunywa, mwanangu," ukuta humwambia kwa sauti ya mama. "Mimi nimeshakunywa."

Jana nilikuwepo. Shekue akachungulia kikombe cha pili. "Mama muongo. Kimejaa."

Alipokwenda kuoga, ukuta ukaniita, "Saumu!"

"Abee, mama," nikaitika, kabla sijakumbuka kwamba tulimzika mwezi wa Rajabu.

"Kesho njoo mapema, kikombe changu ukinywe wewe. Asikuone."

Leo, alipogeuka kufuata sukari, nikakibugia kikaniunguza ulimi. Shekue alipokikuta kitupu alicheka kwa furaha, akammiminia mama kingine.