Talaka ya Barazani

Badawi alitia mkono mfukoni kutafuta tasbihi, ukatoka na sigara. Ilikuwa nzima, haijaguswa na moto, na ilikuwa ya tatu wiki ile.

Aliitupa mtaroni upesi kama aliyeshika nge, kisha akasimama pale nje ya msikiti akiitazama ikilowa. Siku ya thelathini na nane. Mtu mwingine angezihesabu siku hizo kwa fahari. Yeye alizihesabu kwa hofu, maana hakuwa na hakika na ya kesho.

Ulimi hauna mfupa, na wake ndio uliomponza. Jioni moja, mwaka ule wa kwanza wa uhuru, walikuwa wamekaa barazani Kibokoni. Abdulghafur, rafiki yake tangu chuoni walikosoma Kurani, akamcheka mbele ya watu.

"Weye Badawi kuwata sigara? Labda siku ya kuzikwa."

Watu wakaangua kicheko. Badawi akapandwa na mori, akasema kwa sauti iliyofika hadi ghorofani, "Nikivuta tena, Swabaha nimemwata."

Kicheko kikakatika. Mtaa mzima ulijua kwamba alikwisha kumpa mkewe talaka mbili: ya kwanza kwa ajili ya mchuzi, ya pili hata sababu yake hakuikumbuka. Mara zote alijuta, akamrejea kabla muda wa eda haujaisha, na hakuna aliyemwuliza Swabaha. Sasa ilibaki moja, nayo ya tatu haina marejeo. Talaka haijui mzaha wala hasira. Akivuta tu, hana mke.

Tangu hapo akawa mtu wa kuhurumiwa. Alikuwa fundi wa saa, na mikono ilimtetemeka hata skrubu ndogo zikamruka, zikapotelea sakafuni. Nyumbani alikuwa mwiba. Alimwaga chai kwa kuwa ya moto, akamwaga ya pili kwa kuwa imepoa. Alivunja sahani, akamtukania Swabaha wazazi. Swabaha aliokota vigae, akafagia, akaenda zake jikoni.

"Huyu si mke, ni hazina," Badawi alijiambia, na aibu ikamchoma. Alimpenda. Lau asingempenda, angekwisha kuvuta zamani na yakaisha.

Kila alasiri akirudi kutoka dukani, Swabaha alimpokea koti, akalipangusa, akaliangika. Kisha humwuliza neno lile lile.

"Umevuta leo?"

"Sikuvuta."

"Haya."

Badawi aliisikia hofu ndani ya swali lile, akazidi kujikaza.

Basi ni nani anayemtilia sigara? Hakuhitaji kwenda kupigiwa ramli. Koti lilishinda msumarini dukani, na Abdulghafur alishinda kwenye kiti chini ya msumari ule ule. Siku hiyo ya Ijumaa alimngoja hadi alipotoka msikitini.

"Abdulghafur, wataka kunivundia nyumba yangu?"

"Miye?"

"Ni nani mwengine atiaye sigara kwenye koti langu?"

"Sigara zangu nanunua moja moja, ndugu yangu. Nikupe weye bure, nivute nini miye?"

Wengine wangecheka. Badawi alimwambia asikanyage tena dukani kwake. Urafiki wa miaka thelathini ukafa pale mlangoni pa msikiti.

Jumatano iliyofuata alikuja bwana mmoja wa Kizingo kuchukua saa ya marehemu babake. Badawi alikuwa akiifunga kifuniko mkono ulipomcheza, na kamani, ule utepe wa chuma uendeshao saa, ikafyatuka ikakatika. Yule bwana hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, kwamba afadhali angempelekea mhunzi. Akaichukua saa yake, akaingia garini.

Badawi alifunga duka na jua bado kali. Alivaa koti, akatia mkono mfukoni kutafuta leso ya kujifutia jasho. Safari hii sigara ilikuwa na kibiriti.

Hakukumbuka kuiwasha. Alikumbuka tu kwamba alikuwa nyuma ya duka, kwamba moshi ulipomshuka kifuani mikono yake ilitulia, na kwamba alilia kama mtoto.

Alisukutua maji mara tatu, akatafuna karafuu, akazunguka vichochoro mpaka miguu ikachoka. Akisema, Swabaha ataondoka asirudi. Akinyamaza, atalala na mwanamke asiye mkewe, na Mungu amekwisha kuona. Njia nzima alijiambia atasema kweli.

Swabaha alimfungulia mlango, akampokea koti. Leo alikaa nalo mikononi, akalinusa, hakuliangika.

"Umevuta leo?"

"Sikuvuta."

"Nitazama, bwana. Umevuta?"

Alimtazama. "Wallahi sikuvuta."

Swabaha akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa koti lile, akalia. Badawi alichutama mbele yake. Kumbe Swabaha alimpenda hivi, na yeye amemlipa kwa kiapo cha uongo. Akamshika bega.

"Nyamaa, Swabaha. Mimi na weye hatuachani."

Mabega ya Swabaha yalizidi kutikisika.

"Nimekutilia sigara, hukuvuta," alisema ndani ya koti. "Nimekutilia na kibiriti, umevuta, wakana. Nifanyeje tena, bwana, hata uniwate?"