Meno ya Yassine

Kitambaa kilipogusa kitu kigumu, mkono wa Sifa ukaganda.

Alikuwa akimpangusa mwanawe ufizi kwa maji yaliyochemshwa, kama muuguzi wa Kasongo alivyomfundisha. Yassine akacheka, na Sifa akayaona: meno mawili, madogo kama chenga za mchele. Ya juu. Chini hapakuwa na kitu.

Yarabi, kigego! Mtoto anayeanza na meno ya juu, watu husema, humaliza ukoo. Muuguzi angemcheka: meno ni meno. Lakini si muuguzi anayetangaza. Kwa wakwe zake Sifa, jino la kwanza hutazamwa na bibi peke yake, kisha hulitangaza uani. Akishasema, hakuna wa kuchungulia tena. Jirani mmoja, kigego wake alipelekwa kijiji cha mbali, Wamaza, akiwa bado ananyonya. Hakurudi.

Na Hemedi, mumewe, yuko machimboni Salamabila. Amkimbilie nani?

Siku kumi Sifa alimficha. Mtoto akitaka kucheka, anamziba kwa titi. Mama Mwanvua, mama mkwe wake, alimtazama tu.

Siku ya kumi na moja akasimama mlangoni.

"Leta mutoto."

"Mama, iko nalala."

"Iko nalala na macho wazi? Leta!"

Akamnyakua, akaingia chumbani, akakaza komeo. Uani mashangazi walikuwa wamekwishaketi mkekani. Sifa akaupiga mlango kwa ngumi. Ndani mtoto akalia kwa nguvu. Halafu kimya.

"Mama, nakuomba! Unipe mutoto wangu!"

Komeo likalia. Mama Mwanvua akapita bila kumtazama, mtoto kifuani, uso wake mdogo umefunikwa kanga. Akafika katikati ya uani, akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Mujukuu wangu ameota meno! Mawili, ya chini! Nimeyaona na macho yangu. Mwenye kubisha, asimame!"

Hakusimama mtu. Mashangazi wakapokea vigelegele, mmoja akakimbilia kuwasha moto wa chai.

Mama Mwanvua akamrudishia Sifa mtoto, akamwinamia sikioni.

"Umufunike kinywa mupaka ya chini itoke. Ya Hemedi, mama mukwe wangu alitangazaka vilevile."