Dua ya Bi Msimu

Enzi hizo kila nyumba ilikuwa na kipaza sauti ukutani, na sentensi ikishanunuliwa na kampuni, ukiitamka tu ukuta unakuitikia kwa tangazo. Kukizima kipaza ni kuzima umeme wa nyumba nzima.

Zuhura aliyajua hayo kuliko wote pale Ngamiani. Alikuwa na shahada ya Kiswahili, simu mkononi, na hana bosi. Kazi yake kuwaandikia wafanyabiashara matangazo ya mtandaoni. Mwaka juzi wauza viatu walitaka maneno ya mama wa kweli, naye akawauzia dua aliyokuwa mamake, Bi Msimu, akiwaagia watoto mlangoni: "Nenda, milima ikuwie tambarare." Mtaa mzima ulimshangilia.

Kisha kiharusi kikampiga Bi Msimu, kikamfutia maneno yote, kikamwachia yale ya dua tu.

Jumapili moja sebule ilijaa majirani. Zuhura alipoinama kuaga aende kwa mteja, mama akamshika mkono. "Nenda, milima ikuwie tambarare."

"Viatu vya Tambo!" ukuta ukadakia kwa sauti ya kibinti. "Vaa utembee, mama yangu!"

"Makubwa! Shoga, umepata mdogo wako," akatania jirani yake Mwanahawa, na sebule ikaangua kicheko.

"Mama, ni mimi," Zuhura alisema. "Niangalie mimi."

Bi Msimu alitabasamu, akauachia mkono wa bintiye, akaugeukia ukuta. Akairudia dua yake taratibu, neno kwa neno. Ukuta ukamwitikia, naye uso ukamng'aa, akaanza tena.