Kidirisha cha Kamera

"Piga, shemeji, lakini mimi nisiwemo," alisema Mouridi, kaka wa mke wangu, bunduki begani, kwenye kizuizi cha Mutsamudu, mwaka ule kisiwa cha Nzwani kilipojitenga na Komoro.

Alichungulia mwenyewe kidirisha cha kamera yangu kuukuu. Pale alipokuwa amesimama hapakuonekana. Akarudi kusimama palepale, ameridhika.

Lenzi yangu ni pana, hunasa zaidi ya kinachoonekana kidirishani. Nalijua hilo miaka ishirini. Sikumwambia, niliitaka ile bunduki pichani.

Niliporudi Moroni, mji mkuu, nilimkuta ofisa wa serikali ukumbini. Nyumba ni ya mke wangu, mimi nimeoa nikahamia kwao tu.

"Lete filamu, fundi. Tunatafuta sura za waasi."

Mke wangu alinitazama. Kamerani mlikuwa na kazi ya siku tatu, na filamu haivumilii jua.

Nikatoka hadi uani, juani, nikafungua mgongo wa kamera.