Kiapo cha Kenge Mla Majani

Hebu niambie, wewe ungemwachia kenge mayai yako? Kanga alimwachia yake tisa, kwa kuwa Kenge aliapa mbele ya wanyama wote: "Mie, mama, sitafuni kitu ila majani." Siku ya tatu yakabaki mawili.

"Mwizi mkubwa we!" Kanga alifoka.

"Mnanisingizia!" Kenge akasema, na palepale akafakamia kikapu kizima cha mchicha. Wanyama wakampigia makofi. Kanga akahisi kila kofi limetua shavuni mwake.

Kobe peke yake hakupiga. "Mla majani ana utumbo mrefu, maana majani hayasagiki upesi," alisema. "Mie naujua wangu. Tungoje kesho."

Kesho yake mchicha ulimtoka Kenge vilevile ulivyoingia, jani kwa jani.

Kanga akaupekua kwa ukucha. "Tumbo lako halijui hata jani ni kitu gani! Mayai yangu saba yako wapi?"

Kenge akainamisha kichwa. "Niliapa sitafuni, mama. Na kweli sikuyatafuna. Niliyameza."