Miguu ya Kiti cha Mtawala

Msumeno ulikuwa mkononi mwa fundi Shebwana, lakini mkono ulikataa kusogea. Mbele yake kilikuwa kimepinduliwa kiti cha mtawala, kiti cha mpingo ambacho babu yake alikiunga bila msumari, na ambacho kwa mila ya mji hakiguswi na chuma.

"Kata, fundi. Wageni wako njiani," alisema Bi Rehani, mkuu wa itifaki. "Mjumbe wao hataki kuketi chini ya mtu. Viti visipolingana, hatatia sahihi mkataba wa kutulinda."

"Kwa hiyo wamevuka bahari zote hizo kuja kupima miguu ya kiti?"

"Wamekuja na mizinga. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto keshapata rafiki mkubwa. Sisi tuna nani?"

Shebwana akageukia upande wa mto. Binti yake alikuwa ameolewa kule ng'ambo, na tangu daraja lilipolipuliwa alikuwa hajasikia habari zake.

"Na hawa marafiki wakishazoea kutupunguza, Bi Rehani?"

"Tutalia tukiwa hai."

Akakata. Mguu wa kwanza ulidondoka, wa pili ukafuata, kisha wa tatu, na vumbi jeusi likamjaa kifuani. Kabla hajaugusa wa nne, tarumbeta zikalia langoni. Mtawala akaingia akitweta, akataka kiti chake.

Fundi akakisimamisha. Kikayumba. Mtawala akakitazama, akaketi taratibu huku mkono wake mmoja ukilishika bega la Shebwana, na mlango wa ukumbi ukaanza kufunguliwa kwa wageni.